Kijana anayechora bustanini: je, chapa hii ya 1656 ni halisi?

Swali limetoka kwa msomaji aliyeko Ujerumani:

"Shikamoo mwalimu. Naishi Hamburg ila kwetu ni Tanga. Majuzi nilinunua kwenye soko la mitumba picha nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu kuukuu, kwa euro 35. Kuna kijana ameketi bustanini anachora, na mbele yake kuna mtungi mkubwa ajabu wa mawe, umechongwa watu kuuzunguka. Pana jina Stef. della Bella na mwaka 1656. Muuzaji aliapa ni ya kale kweli. Je, ni halisi? Ina thamani? Na kama ni halisi, itakuwa salama nikimpelekea baba aitundike sebuleni?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile unalolitaka haraka. Kwa hiyo picha ya simu uliyonitumia, iliyopigwa kioo kikimeta, siwezi kukuambia kama ni kazi ya karne ya 17 au ya mtambo wa juzi. Mtu akikuhakikishia kwa picha ya namna hiyo, mkwepe. Ninachoweza ni kukueleza unatazama kazi gani, halafu nikuonyeshe jinsi ya kuikagua mwenyewe mezani, kwa kioo cha kukuzia na taa, kabla hujamlipa mtu yeyote.

Jambo moja ulishike tangu sasa, maana ndilo linalowapoteza wengi: mwaka 1656 ni mwaka wa bamba la shaba lililotumika kuchapia. Karatasi uliyonayo inaweza kuwa ya mwaka huohuo, au ya miaka mia baadaye, au ya juzi. Bamba likishachongwa linaweza kuchapa hata baada ya fundi wake kuzikwa, na mwaka ulioandikwa juu yake utaendelea kutoka vilevile kila linapopita kwenye mtambo.

Sasa picha yenyewe. Stefano della Bella alizaliwa Firenze, Italia, mwaka 1610, akafia hukohuko mwaka 1664. Baba yake alikuwa mchonga sanamu, naye alianzia kwa wafua dhahabu kabla ya kuhamia kwenye chapa, yaani picha zinazochapwa karatasini kutoka kwenye bamba. Ukoo wa Medici, watawala wa Toscana, ulimlipia akajifunze Roma kuanzia mwaka 1633. Mwaka 1639 akaenda Paris, akakaa huko takriban miaka kumi na moja, akarudi nyumbani mwaka 1650 akiwa na jina kubwa. Alipewa kazi nyumbani mwa watawala, na miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kumfundisha kuchora mtoto wa mtawala, Cosimo, aliyezaliwa Agosti 1642.

Hesabu mwenyewe: mwaka 1656 Cosimo alikuwa na umri wa miaka 13 au 14. Ndiye ambaye wataalamu wengi wanamtaja kuwa kijana huyo aliyeketi na ubao wake wa kuchorea. Hapo picha inageuka utamu, kwa sababu mwalimu amemchora mwanafunzi wake akiwa katikati ya somo. Wachoraji wa watawala wa zama zile walizoea kuwaweka wana wa wafalme juu ya farasi, upanga kiunoni, nyuma yao pazia zito jekundu. Huyu ameketi chini kama mwanafunzi mwingine yeyote, na kinachotawala ukurasa ni chombo cha marumaru. Mimi naona heshima ya mwalimu kwa kazi yake hapo, ingawa wapo watakaokuambia ni sifa kwa ukoo wa Medici, kwamba hata watoto wao wanajua thamani ya vitu vya kale. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Huo uliouita mtungi ni chombo mashuhuri, Chombo cha Medici. Kilichongwa Athens katika nusu ya pili ya karne ya 1, kimo chake ni kama mita moja na nusu, na mwilini kimezungukwa na mashujaa pamoja na mwanamke aliyeketi chini ya sanamu ya mungu wa kike. Wengi wamesema ni Iphigenia, binti wa mfalme Agamemnon wa hadithi za Kiyunani, anayetolewa kafara, lakini ubishi juu ya hilo haujaisha, hasa kwa kuwa sehemu ya mwanamke huyo ilikarabatiwa na mafundi wa baadaye. Chombo kimo katika orodha ya mali ya Villa Medici ya mwaka 1598. Mwaka 1780 kilihamishiwa Firenze, na leo kipo kwenye jumba la Uffizi.

Kwa hiyo bustani unayoiona ni ya Villa Medici, juu ya kilima cha Pincio mjini Roma. Kadinali Ferdinando de' Medici aliinunua mwaka 1576 akaijaza sanamu za kale. Kundi la sanamu za Niobe, mama wa hadithi za Kiyunani, na wanawe, lililofukuliwa Roma mwaka 1583, lilikaa humohumo bustanini. Usidhani basi kwamba miti na nyasi ziliwekwa pichani kuwa mapambo tu. Bustani za matajiri wa Roma zilikuwa ndiyo makumbusho ya wakati huo, na mchoraji aliyepata ruhusa ya kuingia alikaa kivulini akachora marumaru kwa saa nyingi. Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, naye alichora picha mbili ndogo za bustani hiyohiyo; ziko kwenye makumbusho ya Prado, Madrid. Tangu mwaka 1803 jumba hilo ni makao ya Akademia ya Ufaransa mjini Roma, na wasanii bado wanakaa humo.

Tuje kwenye ufundi, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kukagua kitu.

Picha hii ni chapa ya asidi. Kwenye chapa ya namna hii fundi hachongi shaba kwa nguvu za mkono. Anachukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, analipaka safu nyembamba ya nta, lami na utomvu, kisha analifukiza kwa moshi wa mshumaa mpaka uso uwe mweusi. Juu ya weusi huo anachora kwa sindano, wepesi kabisa, kama anayechora kwa kalamu. Kila sindano inapopita shaba inaonekana. Ndipo bamba linapowekwa kwenye asidi, nayo inakula pale tu palipo wazi. Dakika chache zinatoa mstari mwembamba. Muda mrefu unatoa mstari wa kina unaobeba wino mwingi. Fundi mzuri analitoa bamba mapema, anaziba miti ya mbali kwa mafuta mazito au vanishi, halafu analirudisha ili yaliyo karibu yaliwe zaidi. Hivyo ndivyo hewa inavyopatikana kwenye picha: mbali pamefifia, karibu pamekolea. Mwisho bamba linasafishwa, linasuguliwa wino uliotengenezwa kwa masizi na mafuta ya kitani, linafutwa ili wino ubaki ndani ya mifereji tu, linafunikwa kwa karatasi iliyoloweshwa, na vyote vinapitishwa kati ya magogo mawili yanayobana kwa nguvu.

Mtu aliyeupa ufundi huu msukumo mkubwa ni Jacques Callot wa Nancy, mji ulio Ufaransa ya leo, aliyewafanyia kazi Medici hukohuko Firenze hadi mwaka 1621. Alianza kutumia vanishi ngumu ya aina waliyoitumia mafundi wa ala za nyuzi, isiyobanduka vipande kwenye asidi, na hivyo akaweza kuchora watu wadogo kama punje za mpunga. Mwaka 1625 alichapa bustani ya mtawala wa Nancy ikiwa imejaa watu wanaotembea na kucheza. Mwaka 1645 fundi wa chapa Abraham Bosse alitoa kitabu mjini Paris kinachoeleza siri hizo zote, hata mapishi ya asidi yenyewe: siki, chumvi ya amonia, chumvi ya bahari na kutu ya kijani ya shaba. Della Bella alianza kwa kumwiga Callot waziwazi. Baada ya Paris mkono wake ulilegea, mistari yake ikawa mifupi na yenye pumzi, na kivuli chake kikawa laini zaidi. Kwangu mimi chombo hiki cha 1656 ni miongoni mwa kazi zake bora kabisa, kwa sababu ameifanya marumaru ionekane nzito bila kuijaza weusi.

Haya, toa picha kwenye fremu. Nawa mikono, ikauke vizuri, ufungue nyuma taratibu. Ukikuta karatasi imegandishwa kwa gundi kwenye ubao, simama hapohapo, usivute. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi.

Ikitoka salama, ilaze mezani, weka taa upande mmoja, chini, mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari. Chukua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi na utazame kivuli kizito zaidi utakachokiona. Ukiona vidotidoti vilivyojipanga kwa safu sawasawa, habari imeisha: ni nakala ya mtambo wa kisasa, picha ya picha. Furahia fremu yako. Usipoviona, endelea. Mstari wa asidi ni wino mtupu uliokaa juu ya karatasi. Kwa mwanga wa mshazari kwenye sehemu nzito utauona umenyanyuka kidogo, kama hina iliyokauka kiganjani kabla ya kubanduliwa. Tazama pia ncha za mistari. Iliyoliwa na asidi huishia butu, unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari iliyochongwa kwa patasi ya mkono huanza nyembamba, hunenepa katikati, kisha huchongoka. Della Bella alifanya kazi hii kwa asidi, kwa hiyo ukikuta ncha kali kila mahali, huenda ulicho nacho ni nakala ya fundi mwingine.

Geuza sasa utazame kingo. Bamba la shaba likibanwa kwenye karatasi iliyolowa huacha alama ya bonde kuzunguka picha. Wauzaji huipenda sana alama hii, "tazama, ni ya kale!", lakini isikudanganye. Karne ya 19 walikuwepo mafundi waliopiga picha chapa za zamani, wakaihamishia picha kwenye bamba jipya la shaba kwa kemikali, wakachapa upya. Nakala hizo zina bonde, zina wino ulionyanyuka, zina kila kitu. Amand-Durand wa Paris alizitengeneza kwa wingi kutoka kwa wasanii wakubwa wa kale, Rembrandt wa Uholanzi na Dürer wa Ujerumani, ila yeye alikuwa mwungwana na mara nyingi aligonga muhuri wake mwekundu nyuma. Kwa hiyo tazama na nyuma. Na kwa upande mwingine, kukosekana kwa bonde si kosa: watoza wa zamani walikuwa na tabia ya kukata kingo zote wakabandika chapa kwenye albamu zao.

Vipimo navyo vipime. Chapa hii ni takriban sentimita 31 kwa 28. Yako ikiwa ndogo kama postikadi au kubwa kama bango, hakuna haja ya kuendelea.

Karatasi ndiyo shahidi asiyehongeka. Inyanyue mbele ya dirisha, mwanga upite ndani yake. Karatasi ya wakati wa Della Bella ilitengenezwa kwa vitambaa vilivyopondwa na kuchotwa kwa chekeche ya nyaya, na nyaya hizo ziliacha alama: mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mingine iliyoachana sentimita mbili na nusu hivi. Huenda ukaona na alama ya mtengenezaji, ua au taji au herufi, iliyofumwa humohumo kwa waya. Usipoona mistari yoyote, karatasi ikiwa laini kama ya daftari, basi haiwezi kuwa ya 1656. Karatasi laini ya aina hiyo ilianza kuonekana kwenye vitabu vya Ulaya mwaka 1757, John Baskerville wa Birmingham alipochapa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Ukiona mistari, umepita hatua moja tu, kwa sababu karatasi ya mistari bado inatengenezwa hadi leo.

Kipimo cha mwisho cha mezani ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Zima taa za chumba, mulika karatasi. Ikiwaka weupe wa kibuluu, ina dawa za kung'arisha zilizoanza kutiwa kwenye karatasi karibu na mwaka 1950. Karatasi ya kale ya vitambaa hubaki imefifia, manjano kidogo.

Tuseme imepita yote. Bado kuna swali la lini ilichapwa, na hapa ndipo thamani inapopatikana au kupotea. Shaba ni laini. Kila inapobanwa na kufutwa, mifereji inapungua kina, na mistari myembamba ndiyo inayokufa kwanza. Chapa za mwanzo zina weusi wa mahameli kwenye kivuli na miti ya nyuma inasomeka jani kwa jani. Za mwisho zina rangi ya majivu, na sehemu zilizofifia zinaonekana kama zimefutwa na ufutio. Mabamba yaliuzwa kutoka mfanyabiashara mmoja hadi mwingine, wengine wakachonga upya palipochakaa. Yapo yaliyodumu hadi leo: makumbusho ya Lorraine huko Nancy ina zaidi ya mabamba 300 ya Callot, na ya Rembrandt yamebaki zaidi ya 70, mengine yakiwa yamechapwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Namna ya kujua yako iko wapi ni kulinganisha. Makumbusho ya Metropolitan ya New York imeweka chapa hii kwenye tovuti yake, unaweza kuikuza mpaka uone mstari mmoja mmoja. Lakini wewe una bahati kubwa zaidi, uko Hamburg. Hamburger Kunsthalle ina idara ya michoro na chapa, Kupferstichkabinett, moja ya kubwa za Ujerumani, yenye kazi zaidi ya laki moja. Idara za namna hii zina chumba cha kusomea ambako mtu wa kawaida huomba miadi akaletewa chapa mezani. Nenda. Tazama kazi yoyote ya Della Bella waliyonayo kwa dakika ishirini, na jicho lako litajifunza kuliko barua yangu yote hii. Usiwaulize bei, makumbusho kwa kawaida hayakadirii bei. Hilo ni la nyumba za mnada.

Kuhusu bei sitakutajia tarakimu. Della Bella alitoa chapa zaidi ya elfu moja na nyingi zinapatikana, hivyo usitarajie bei za Rembrandt. Hata hivyo hii ya chombo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana, na tofauti ya bei kati ya chapa ya mwanzo yenye kingo zake na ile iliyochakaa na kukatwa ni kubwa. Kwa euro 35 kwenye soko la mitumba, dau langu ni nakala. Lakini masoko hayo yameshawahi kunishangaza, kwa hiyo pima.

Kuipeleka Tanga. Upande wa sheria, Umoja wa Ulaya unataka kibali cha kuitoa nje chapa yenye zaidi ya miaka 50 ikiwa thamani yake inazidi euro 15,000. Sidhani utafika huko. Tatizo lako kubwa ni hewa ya bahari. Karatasi ya vitambaa ni imara mno, imevuka karne tatu na nusu, lakini ikikaa kwenye unyevu mfululizo inaota madoa ya rangi ya kutu, na wadudu wanaipenda gundi. Makumbusho huiweka kwenye unyevu wa karibu asilimia 50. Sebule ya Tanga hupita hapo mwaka mzima.

Kama ni halisi, ningekushauri ibaki kwako na baba umpelekee nakala nzuri yenye ukubwa uleule. Kama moyo umekataa, basi fanya hivi. Ifanyie fremu mpya yenye karatasi ya pamba isiyo na asidi mbele na nyuma, chapa isiguse kioo. Ishikizwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga. Selotepu marufuku, na yule fundi wa mtaani wa kupiga laminesheni asiione kabisa. Itundikwe ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua wala jua la alasiri, na nyuma ya fremu pawe na vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite. Baba aitoe ukutani kila baada ya msimu wa mvua akague nyuma.

Na akiuliza kijana yule alikuwa nani, mwambie alikuja kuwa Cosimo wa 3, mtawala wa Toscana kuanzia mwaka 1670 hadi alipofariki mwaka 1723. Historia haimsifu: kodi nzito, sheria kali, nchi ikadhoofika mikononi mwake. Ila jicho alilopewa na mwalimu wake hakulipoteza. Desemba 1667, akiwa safarini Amsterdam, alikwenda nyumbani kwa Rembrandt kutazama kazi zake.

Ukishaifungua nitumie picha tatu: kivuli kizito kikiwa kimekuzwa, karatasi nzima ikiwa mbele ya dirisha, na mgongo wake wote ukiwa na mihuri au maandishi yoyote utakayoyakuta. Piga bila kioo na bila mweko wa simu.